Nafasi Iliyowekwa kwa Mwenzetu

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi

Masomo ya kusoma kwanza: Mambo ya Walawi 19:14, Yohana 5:1-9, Marko 2:1-12, Mathayo 5:25-26.



Somo letu la mwezi huu linahusu jambo ambalo pengine hamkutazamia kulikuta katika gazeti la mtaa, nalo ni mahali pa kuegesha magari. Msicheke kwanza. Katika miaka yetu ya kufundisha walimu tulizoea kuwaambia wanachuo kwamba somo zuri huanza na kitu ambacho mwanafunzi anaweza kukigusa kwa mkono wake. Basi leo tutaanza na mstari wa rangi uliochorwa chini, tuone utatufikisha wapi.

1. Sababu ya somo hili

Jumapili moja baada ya ibada mama mmoja wa mtaa wetu alitujia akiwa na simu mkononi. Uso wake ulikuwa umekunjamana. Mwanawe yuko Uingereza, ambako anafanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao, kama wafanyavyo vijana wengi waliotoka kwetu. Kijana alikuwa amempelekea mama yake picha ya barua aliyoipata, na mama hakuielewa isipokuwa tarakimu: pauni 100.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Nisomee hii barua. Mwanangu wamemfunga?"

Tukavaa miwani, tukasoma. Barua ilitoka kwa kampuni ya kusimamia maegesho ya magari. Ilidai kwamba gari la kijana lilikaa katika uwanja wa duka kupita muda ulioruhusiwa, na kwamba alipe pauni 100, au pauni 60 kama atalipa ndani ya siku 14. Tukamwambia mama kwamba hakuna aliyefungwa. Akashusha pumzi. Kisha akatuambia kwamba alikuwa amekwisha kumwomba jirani amtafutie mnunuzi wa mbuzi wake wawili.

Tangu siku ile tuliandikiana na kijana mara kadhaa, na katika barua hizo yalitokea mambo mawili. Moja lilikuwa lile aliloshitakiwa. Jingine hakuna aliyemshitaki, ila alilisema mwenyewe. Ametupa ruhusa kuyaeleza yote mawili bila kumtaja jina, ili wengine wajifunze. Lakini kabla ya kuyafikia, yatupasa kuielewa nchi aliyoko na sheria zake.

2. Mtu wa penye birika

Fungueni Yohana 5. Huko Yerusalemu, karibu na mlango wa kondoo, palikuwa na birika lenye matao matano, na wagonjwa wengi wamelala humo: vipofu, viwete na waliopooza. Mmoja wao amekuwa katika hali yake kwa miaka 38. Bwana Yesu amwuliza kama anataka kuwa mzima. Yule mtu hajibu ndiyo wala siyo, bali aeleza shida yake, kwamba hana mtu wa kumsaidia, na kila anapojaribu kwenda, mwingine amekwisha kumtangulia.

Angalieni vema jibu hilo. Hasemi kwamba watu walimpiga au walimfukuza. Hasemi kwamba aliyemtangulia alikuwa mtu mwovu. Pengine alikuwa na haraka tu, na miguu yake ilikuwa na nguvu zaidi. Lakini matokeo yake ni yaleyale: aliyehitaji mahali pale zaidi ndiye aliyekosa, si siku moja, bali mwaka baada ya mwaka.

Hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Mahali palipo wazi kwa kila mtu bila utaratibu huwa pa mwenye mbio. Ili mnyonge naye apate, hapana budi wenye nguvu wakubaliane kuacha nafasi, na wakisha kuiacha, waiheshimu hata asipokuwapo mtu wa kuwaona.

3. Jinsi nafasi hizo zilivyowekwa Uingereza

Watu wa nchi ile hawakuzaliwa na utaratibu huo. Uliletwa na watu waliosumbuka. Mmoja wao alikuwa Alf Morris, mbunge wa kutoka Manchester. Baba yake aliumizwa kwa gesi ya sumu katika Vita Kuu ya Kwanza, na mtoto akakua akiona maana ya ulemavu ndani ya nyumba yao wenyewe. Mbunge huyo alipeleka bungeni mswada wake binafsi, nao ukawa sheria tarehe 29 Mei 1970. Miaka minne baadaye, mwaka 1974, akawa waziri wa kwanza ulimwenguni kukabidhiwa mambo ya watu wenye ulemavu.

Sheria hiyo ya 1970 ndiyo iliyoanzisha beji ya gari kwa mtu mwenye ulemavu. Beji zilianza kutolewa mwaka 1971, zikiwa na rangi ya chungwa. Kuanzia mwaka 2000 zikabadilishwa kuwa za bluu kwa mfano mmoja na nchi nyingine za Ulaya, na mpaka leo huitwa Beji ya Bluu. Ile alama ya mtu katika kiti cha magurudumu, ambayo sasa twaiona hata katika hospitali na viwanja vya ndege vya kwetu, ilichorwa mwaka 1968 na mwanafunzi wa Kidenmaki, Susanne Koefoed. Mchoro wake wa kwanza haukuwa na kichwa. Kichwa kiliongezwa baadaye, ili watu waone kwamba pale yupo mtu, si kiti kitupu. Walimu wenzangu, hilo peke yake ni somo.

Sasa tupime. Nafasi ya kawaida ya gari katika nchi ile ina upana wa meta 2.4 na urefu wa meta 4.8. Nafasi ya mtu mwenye ulemavu huongezewa meta 1.2 pembeni. Kwa nini? Kwa sababu mtu anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kushuka kwa kujipenyeza kama sisi. Mlango hauna budi kufunguka wote, kiti kiwekwe kando, naye ahamie kitini. Kwa hiyo ukiegesha gari lako juu ya ile michirizi ya pembeni, hata kama hukuingia katika nafasi yenyewe, umemfungia mtu ndani ya gari lake, au umemzuia kurudi ndani akitaka kwenda kwao.

Jambo jingine ni hili. Tangu tarehe 30 Agosti 2019, katika England beji hutolewa pia kwa watu wenye ulemavu usioonekana kwa macho, kama baadhi ya wenye magonjwa ya akili au usonji, ambao safari huwapa taabu kubwa sana au hatari. Kwa hiyo ukimwona mtu ashuka katika nafasi hiyo na kutembea kwa miguu yake, usiharakishe kumhukumu. Si kila asiye na mkongojo ni mzima.

4. Beji ni ya mtu, wala si ya gari

Hapa wengi hukosea, na kijana wetu alikosea hapa. Beji ya Bluu hutolewa na halmashauri ya mahali kwa mtu aliyeandikwa jina lake, na picha yake imo upande wa nyuma. Katika England hudumu kwa muda usiozidi miaka mitatu, kisha huombwa upya. Mwenye beji aweza kupanda gari lake, gari la mwanawe, au teksi, na beji humfuata. Lakini asipokuwamo safarini, wala haendewi kuchukuliwa, beji ile haina kazi. Gari si lenye ulemavu.

Basi matumizi mabaya ni yapi? Kuna yaliyo wazi: kutumia beji iliyoibwa, kuitengenezea nakala ya uongo, kutumia iliyokwisha muda wake, au kuendelea kutumia beji ya mzazi aliyekwisha kufariki. Beji ya marehemu hurudishwa kwa halmashauri iliyoitoa. Kuna na yale ambayo watu huyaona madogo. Mtu amwacha mama yake nyumbani, aweka beji yake mbele ya kioo, aingia sokoni kwa shughuli zake. Au asema, "Nakwenda kumnunulia yeye mwenyewe dawa." Hata hilo ni kosa, kwa maana beji haikutolewa ili kazi ya mwenye beji ifanyike, ilitolewa ili yeye mwenyewe aweze kufika.

Adhabu yake ni nzito. Kutumia beji vibaya ni kosa la jinai, na mahakama yaweza kumtoza mtu faini mpaka pauni 1,000. Na sheria ya mwaka 2013 iliwapa maofisa wa halmashauri, hata wasiovaa sare, uwezo wa kuikagua beji na kuichukua papo hapo ikiwa inatumiwa vibaya.

5. Faini ni nini, na madai ni nini

Tumefika mahali panapowachanganya watu wengi, hata Waingereza wenyewe. Ziko karatasi za namna mbili zinazofanana sana.

Ya kwanza hutoka kwa halmashauri ya mji, kwa gari lililoegeshwa vibaya barabarani au katika uwanja wa halmashauri. Hiyo ina nguvu ya sheria ya nchi, na asiyeridhika hupeleka malalamiko kwa halmashauri, kisha kwa baraza huru la rufaa.

Ya pili hutoka kwa kampuni binafsi iliyoajiriwa na mwenye kiwanja, kama vile supamaketi au hospitali. Hiyo kwa kweli si faini. Ni madai. Kampuni hudai kwamba mwenye gari alipoingia na kusoma bango, alikubali masharti, na alipoyavunja akawa na deni la kulipa. Ni jambo la mapatano baina ya watu wawili, wala si jinai. Haliandikwi katika kumbukumbu za wahalifu. Ndiyo sababu tulimwambia mama yule kwa moyo mkunjufu kwamba mwanawe hakufungwa.

Zamani makampuni hayo yalikuwa yakifunga gurudumu la gari kwa chuma mpaka mwenyewe alipe. Katika England na Wales kufunga huko kwenye viwanja vya watu binafsi kulikatazwa na sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2012. Lakini sheria hiyohiyo iliyapa makampuni njia nyingine. Ikiwa dereva hajulikani, yaweza kumdai mtu aliyeandikishwa kuwa mwenye kulitunza gari, mradi yatimize masharti. Sharti mojawapo ni kwamba, pale ambapo gari lilipigwa picha na kamera tu na hakuna karatasi iliyoachwa juu yake, barua imfikie ndani ya siku 14.

Sasa, je, mtu aweza kuitupa barua hiyo kwa kuwa si faini? La. Yuko mtu mmoja, Barry Beavis, mwenye duka la samaki na viazi vya kukaanga. Mwezi Aprili 2013 aliegesha gari katika uwanja wa maduka huko Chelmsford ambapo muda wa bure ulikuwa saa 2. Alikaa dakika 56 zaidi, akadaiwa pauni 85 na kampuni ya ParkingEye. Akaona ni dhuluma, akapigana mpaka Mahakama Kuu kabisa ya Uingereza. Tarehe 4 Novemba 2015 majaji 7 walitoa hukumu, na 6 kati yao wakasema madai yale ni halali: mabango yalikuwa makubwa na yenye kusomeka, na kampuni ilikuwa na sababu ya haki ya kutaka magari yasikae kutwa nzima.

Tangu hapo aliyezoea kusema "ni karatasi tu" hana budi kujihadhari. Mtu akipuuza mpaka madai yakafika mahakamani, na wito wa mahakama nao akaupuuza, hukumu hutolewa bila yeye. Asipoilipa ndani ya mwezi mmoja, jina lake hukaa miaka 6 katika daftari ya wenye hukumu za madeni, na atapata shida akitaka mkopo au nyumba ya kupanga. Bwana wetu alitufundisha katika Mathayo 5:25-26 tumalizane na mshitaki wetu mapema tukiwa bado njiani, kabla ya kufikishwa kwa hakimu. Kumalizana si lazima kuwe kulipa. Ni kujibu, na kujibu mapema.

Utaratibu wa kujibu ni huu. Kwanza, andika kwa kampuni yenyewe ndani ya siku 28, ukieleza sababu na kuambatanisha ushahidi. Pili, ikikataa, iko rufaa kwa chombo cha nje, mathalani POPLA kwa makampuni ya chama kimojawapo, na mwenye gari halipi chochote kukata rufaa hiyo. Tatu, mwandikie mwenye duka au hospitali, maana kampuni ni mtumishi wake, naye mara nyingi huweza kuamuru madai yafutwe.

Tusifiche kwamba yako malalamiko mengi juu ya makampuni hayo. Mwaka 2019 bunge lilipitisha sheria ya kuitaka serikali iandike kanuni moja ya kuyaongoza. Kanuni ilitangazwa Februari 2022, ikaondolewa Juni mwaka uleule baada ya makampuni kuipinga mahakamani. Mwaka 2024 vyama viwili vya makampuni vikajiandikia kanuni yao ya pamoja, na Julai 2025 serikali ikaanza tena kukusanya maoni ya watu. Mwenye nguvu akijiwekea kipimo mwenyewe, mnyonge huwa na wasiwasi. Hilo nalo si geni kwa wasomaji wa kitabu cha Amosi.

6. Mambo mawili ya kijana wetu

Sasa turudi kwa kijana. Siku ile ya barua alikuwa amempeleka dukani mzee anayemtunza. Mzee alikuwamo garini, beji yake ilikuwa mahali pake, na gari lilikuwa katika nafasi iliyochorwa alama ya kiti. Lakini mzee huenda polepole, tena hupumzika kila baada ya hatua chache. Muda ukapita, kamera ikapiga picha ya gari likiingia na likitoka. Kamera haikumwona mzee.

Hapa ifahamike kwamba Beji ya Bluu hasa ni ya barabarani. Katika viwanja binafsi, beji peke yake haimpi mtu haki ya kukaa apendavyo. Mwenye kiwanja ana masharti yake. Hata hivyo iko sheria nyingine, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayomtaka kila anayetoa huduma kwa watu afanye marekebisho ya busara kwa ajili ya wenye ulemavu. Kumwongezea muda mtu ambaye mwendo wake ni wa polepole ni mojawapo ya marekebisho yanayoweza kudaiwa.

Tulimshauri kijana aandike hayo kwa adabu, aeleze hali ya mzee kwa idhini yake, na apeleke nakala ya beji na risiti ya duka. Kampuni ikakataa. Akamwandikia meneja wa duka, na baada ya majuma mawili madai yakafutwa. Mbuzi wawili wa mama bado wamo zizini.

Tulimpongeza. Lakini katika barua yake iliyofuata aliandika hivi: "Mwalimu, msinipongeze sana. Kabla ya hapo, siku moja ya mvua, mzee alinituma dawa. Yeye alibaki kitandani. Niliweka beji yake nikaegesha mbele ya duka la dawa katika nafasi ya walemavu. Nilipotoka nilimkuta mama mmoja ndani ya gari, na kiti cha magurudumu nyuma yake, akingoja niondoke. Hakusema neno. Hakuna aliyeniandikia barua."

Tazameni, wapendwa. Jambo aliloshitakiwa hakuwa na hatia nalo. Jambo alilokuwa na hatia hakushitakiwa. Barua ya kampuni ilimkosesha usingizi siku nyingi, lakini macho ya yule mama ndani ya gari ndiyo anayoyakumbuka hata sasa. Tukamjibu kwamba hapo ndipo sheria inapofika mwisho wake na dhamiri inapoanza kazi. Aliyesema katika Walawi 19:14 kwamba tusiweke kikwazo mbele ya kipofu hakuongeza habari ya faini. Aliongeza tu kwamba tumche Mungu, kwa maana kipofu hakuoni ukikiweka, ila Mungu akuona. Kijana alimwendea mzee wake, akamweleza, na sasa siku za kutumwa peke yake huacha beji nyumbani, juu ya meza ya mzee.

7. Na sisi je?

Tungeweza kuishia hapo, tuseme kwamba hayo ni ya Uingereza. Lakini mwalimu asiyejipima mwenyewe afundisha nusu ya somo.

Siku ya Pasaka mwaka jana sisi tunaoandika tulichelewa ibada. Tulikuwa na gari la mpwa wetu. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa, na mahali palipobaki ni pale mbele ya ule mtelemko wa saruji uliojengwa ubavuni mwa mlango. Tukajiambia kwamba ni saa mbili tu, tena magoti yetu nayo si ya ujana. Tukaegesha, tukaingia, tukaimba kwa furaha.

Yuko mzee mwenzetu ambaye huja kanisani kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Mnamjua, nasi hatumtaji. Alifika nyuma yetu kidogo, akakuta njia imezibwa. Hakupiga kelele. Aligeuza baiskeli yake akakaa chini ya mwembe pamoja na watoto, na Padri akampelekea Ushirika Mtakatifu huko nje. Tulipotoka tulimkuta. Akatusalimu kama kawaida yake, akasema, "Mwalimu, leo nimesali na wa mwembeni."

Hakujua kwamba gari lilikuwa letu. Ilitupasa tumwambie pale pale, na hatukumwambia. Tulichukua siku kumi kabla ya kwenda nyumbani kwake.

Alitusamehe upesi, upesi kuliko tulivyostahili. Tulipomwomba ruhusa ya kuandika habari hii alifikiri kidogo, akasema, "Andika. Lakini usiandike kwamba nilihuzunika tu, watu wataanza kunionea huruma. Andika kwamba mimi naimba besi, na siku ya Pasaka kwaya iliimba bila besi."

Tumeliandika kama alivyotaka. Nasi twaongeza kwamba yeye ametufundisha jambo ambalo miaka yote ya ualimu hatukulifundisha sawasawa. Tulidhani nafasi ya mwenye ulemavu ni sadaka ambayo wazima wanampa. Kumbe, mwenzetu akizuiwa mlangoni, upungufu ni wa kanisa zima. Katika Marko 2 rafiki wanne hawakumwonea mwenzao huruma wakiwa mbali. Walitoboa dari ili afike. Sisi hatukuombwa kutoboa dari. Tuliombwa tu tusizibe mtelemko.

Wala tusidhani kwamba nchi yetu haina sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na mambo ya majengo ya umma kufikika yamo. Lakini hakuna kamera katika uwanja wa kanisa letu, wala hatutaki iwepo. Twataka watu wasiohitaji kamera.

8. Mambo ya kutenda

Tumezungumza na wazee wa kanisa, nao wamekubali tuyaweke haya mbele yenu.

Kwanza, nafasi mbili zichorwe kwa chokaa karibu na mtelemko, kila moja ikiwa na upana wa meta 3.6, na njia ya mtelemko yenyewe iwe wazi siku zote, pamoja na siku za harusi na mazishi. Pikipiki na baiskeli nazo zisiegemezwe hapo.

Pili, wenye zamu ya mlangoni wawaeleze wageni kwa upole. Wasimwulize mtu, "Wewe una kilema gani?" Waseme tu, "Ndugu, mahali hapa tumewawekea wenye shida ya kutembea. Kama wewe ni mmoja wao, karibu sana."

Tatu, ndani ya kanisa benchi moja la mbele lifupishwe, ili anayekuja na kiti au baiskeli akae pamoja na watu wengine, si nyuma wala si njiani.

Nne, mwenye ndugu ng'ambo amfundishe haya: beji ya mtu mwingine asiitumie peke yake hata akitumwa, mabango ayasome kabla ya kuliacha gari, barua ikija aijibu mapema, na asione haya kuwaambia wazazi ukweli.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika Yohana 5, ni nani aliyekosa: waliomtangulia yule mtu, au desturi ya mahali pale? Toeni sababu.

2. Kwa nini beji ni ya mtu na si ya gari? Tajeni kitu kingine katika maisha yetu kinachotolewa kwa mtu mmoja na kutumiwa na mwingine, kama vile dawa, kitambulisho au msaada wa yatima.

3. Kuna tofauti gani baina ya kosa lisilo na mashitaka na mashitaka yasiyo na kosa? Ni lipi linalokusumbua zaidi, na kwa nini?

4. Piteni pamoja kutoka lango la uwanja mpaka altareni, mmoja wenu akiwa amefumbwa macho na mwingine akiwa katika baiskeli ya mzee wetu, kwa ruhusa yake. Andikeni kila mahali mlipokwama, mkawape wazee wa kanisa.

Sala

Ee Bwana, uliyesimama kando ya birika ukamwona yule ambaye wengine walimpita, utufanye tuwaone wale tunaowapita. Utusamehe mahali tulipopachukua bila haki, hasa pale ambapo hakuna aliyetushitaki. Uwalinde watoto wetu walio mbali, uwape ujasiri wa kudai haki na uaminifu wa kuitunza haki ya mwingine. Ulifanye kanisa lako kuwa na mlango mpana, hata sauti zote zisikike ndani yake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.